Mumbai, mji ambao mama ni mjomba

Siku ya pili hospitalini, Mdogo alinipotea. Kupotea kwenyewe si kupotea hasa. Mimi nilikuwa dirishani nalipia dawa, yeye akavutiwa na lifti, akaifuata. Alipogeuka asinione, akafanya afanyavyo mtoto yeyote wa Mombasa. Alisimama katikati ya ukumbi, akafumba macho, akaita kwa pumzi zake zote: "Mamaaa!"

Akaitika mwanamume. Mtu mzima mwenye masharubu, sare ya buluu, anasukuma kiti cha magurudumu kisicho na mtu. "Haan, bolo," akamwambia, yaani naam, sema. Mdogo akamtazama, akadhani hajasikika vizuri, akaita tena. Mwanamume wa pili akachungulia kutoka ndani ya lifti. Nilipofika mbio na risiti mkononi, nilimkuta amezungukwa na wanaume watatu, kila mmoja anamuuliza anataka nini, naye analia kwa kwikwi kwa sababu kila akiita mama, wanazidi kuja.

Kwa Kihindi na Kimarathi, mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama yako. Tena katika hospitali za huko wahudumu wa kiume wa wodi huitwa "mama" kwa heshima, na wa kike huitwa "mavshi", mama mdogo. Kwa hivyo mwanangu alikuwa anaita wahudumu, na wahudumu, Mungu awabariki, walikuwa wanaitika. Yule wa masharubu alipoelewa, alicheka mpaka akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Kisha akaninyooshea kidole na kumfundisha Mdogo taratibu: "Aai. Hii aai." Kwa Kimarathi, aai ndiye mzazi.

Nieleze tumefikaje huko. Mamamkwe wangu, ambaye humu nitamwita Bibi kama watoto wanavyomwita, goti lake la kulia lilikuwa limemtesa miaka sita. Tulichanga, tukaandikiana barua pepe na daktari, tukapewa tarehe ya kubadilishwa goti, na tarehe ikaangukia likizo ya Aprili. Wa kuachiwa watoto hakuwapo. Mume wangu akalala wodini na mamake. Mimi nikabaki na watoto wawili, Mkubwa wa miaka 11 na Mdogo wa miaka 6, kwenye fleti ya kupanga ghorofa ya tatu huko Dadar, wiki tatu, katika mji wenye watu zaidi ya milioni 12.

India mimi si mgeni, au ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Nilisoma Pune miaka mitatu, na Pune na Mumbai ni mwendo wa saa tatu au nne kwa treni. Kihindi cha sokoni ninacho. Ndani ya ndege nilikuwa nawaandaa watoto: huko mtaona watu tofauti, vyakula tofauti, msishangae, msinyooshee watu vidole. Nilikuwa na orodha kwenye simu. Gateway of India. Mapango ya Elephanta. Makumbusho. Orodha hiyo tuliimaliza kwa siku mbili na haikuacha alama. Gateway tulipiga picha, jua likatuchoma, tukaondoka. Elephanta ni saa nzima ya mashua na ngazi nyingi, na ukimuuliza Mdogo leo alichokiona atakwambia nyani aliyempora mtu chupa ya soda.

Kilichoacha alama kilianzia kwenye ule ukumbi wa hospitali. Jioni ile Mkubwa alichukua daftari tupu, akachora mti wa ukoo, akaanza kuniuliza. Mama ni mjomba. Haya, kaka je? Kaka kwa Kimarathi ni ndugu wa baba, sisi tungemwita ami. Dada? Dada kwa Kihindi ni babu, baba yake baba. Nana je? Nana ni babu pia, ila wa upande wa mama. Akainama juu ya ule mti akicheka peke yake, kisha akatangaza kwamba India yeye ni babu wa mdogo wake. Mdogo hakukubali kwa wiki nzima.

Hata lile daftari lenyewe likaingia kwenye orodha, kwa sababu daftar kwao ni ofisi. Tangu hapo kila neno alilolisikia akalitambua, aliliandika. Dukan, gari ambayo wao huitamka kwa ulimi uliokunjwa, rang, baraf, bima, chai, sabun, mez, kitab, safar, lekin. Dereva wa teksi alituuliza "Taiyaar?" na Mdogo akajibu "Tayari!" kabla sijafungua mdomo. Feni ilipozimwa, jirani akalalamikia "hawa", na Mkubwa akaniangalia: "Hewa, Ma?" Nilimweleza kwamba mengine tulipewa na Wahindi wenyewe, waliokuja na majahazi na mizigo yao, na mengine yametoka Uarabuni na Uajemi yakapiga hodi pwani zote mbili. Mume wangu aliposomewa hesabu ya hospitali kwa lakh, hakuhitaji mkalimani. Laki ni laki, na uchungu wake ni ule ule.

Mimi niliishi kule miaka mitatu nikayasikia maneno hayo kila siku, na sikuwahi kuyahesabu. Nilikuwa na kazi ya kuwa mgeni. Watoto hawakuwa na kazi hiyo, kwa hiyo niliwapa nyingine.

Ndiyo mbinu yangu pekee ya safari, na sidai kwamba ni ya kitaalamu: kila mtoto awe na jukumu lake la kweli, ambalo akilifanya vibaya sote tunaumia. Mkubwa alishika tiketi na kusoma vibao. Mdogo alihesabu vituo. Asubuhi Mkubwa alishuka chini kununua maziwa, yanauzwa ndani ya paketi laini za nusu lita, na pav, mkate mdogo laini unaokuja umeungana na wenzake kama matofali. Siku ya kwanza nilichungulia dirishani muda wote. Siku ya nne mwenye duka alimwandikia deni bila mimi kujua, na nilipokwenda kulipa akaniambia, binti yako anajua bei kuliko wewe.

Treni ndiyo shule yenyewe. Dadar ndipo zinapokutana reli mbili kubwa za mji, ya Magharibi na ya Kati, na asubuhi madaraja yake yanajaa watu kama Likoni feri inapofungua mlango, ila hapa mlango haufungwi. Nikaweka sheria: hatupandi kabla ya saa tano asubuhi, hatupandi ile ya mbio, na hatukaribii mlango, maana milango ya treni nyingi za huko iko wazi mwendo wote na vijana wananing'inia. Tiketi ya daraja la pili inaanzia rupia 5 tu, na mtoto wa miaka mitano mpaka chini ya kumi na miwili analipa nusu. Tulikuwa tunapanda behewa la wanawake. Humo ndani ni kama uani kwa mtu. Mmoja anachambua majani ya methi mapajani, mmoja amelala kwa bega la asiyemjua, mmoja anauza vibanio na bangili, na bangili kwao ni bangdi (daftari!). Ukitaka kiti humwulizi mtu kama anashuka, unamuuliza anashuka wapi, kisha unasimama mbele ya magoti yake kama mdai.

Mdogo alijifunza tangazo lote kwa moyo. Linasemwa kwa Kimarathi, kisha Kihindi, kisha Kiingereza, na yeye alikuwa akitangulia sauti ya kipaza: "Agla station... Prabhadevi! Agla station... Lower Parel!" Mahalaxmi, Mumbai Central, Grant Road, Charni Road, Marine Lines, Churchgate. Siku moja alikosea, akaruka Grant Road, na behewa zima la wanawake likamrekebisha kwa pamoja kama darasa la madrasa.

Tulikuwa tunafika Churchgate mida ya saa tano na nusu, na hiyo haikuwa bahati. Nilitaka wawaone dabbawala, wanaume wenye kofia nyeupe wanaoshusha vyakula vya mchana kwenye treni, makumi ya vikopo juu ya ubao mmoja mrefu unaobebwa kichwani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1890, na kabla ya korona walikuwa takriban 5,000, wakibeba kama vyakula 200,000 kila siku ya kazi. Mkubwa akauliza swali zuri: kwa nini wasibebe chakula chao wenyewe asubuhi? Nikamwambia, umeiona treni ya saa mbili? Utaweka wapi sufuria? Chakula kinapikwa nyumbani baada ya mtu kuondoka, kinamfuata kikiwa cha moto. Tena huko kila nyumba ina mipaka yake, huyu hali nyama, yule hali hata kitunguu wala kitunguu thomu, kwa hivyo chakula cha mtu ni cha mtu, kisikosee njia.

Mmoja wao alitusogezea kikopo tukaona mfuniko wake. Jina halipo. Kuna rangi, herufi chache na namba: kimetoka kituo gani, kinashuka kituo gani, jengo gani, ghorofa ya ngapi. Kinapita mikono kadhaa na saa saba kiko mezani kwa mwenyewe, kisha kinarudi nyumbani kitupu jioni ile ile. Mkubwa aliandika "dabba = debe" kwenye daftari na mimi sikubishana. Tangu turudi, vyombo vya shule vya nyumba yetu vina alama ya rangi ya kucha. Changu ni nukta nyekundu na 0, kwa sababu naishi jikoni, ghorofa ya chini. Hivyo ndivyo alivyonieleza.

Mahalaxmi tulishuka kwa ajili ya neno. Pembeni mwa kituo kuna daraja, na chini yake Dhobi Ghat, safu za mabirika ya saruji ambamo wanaume wanafua kwa kupiga nguo kwenye jiwe, shuka za mahoteli na za mahospitali, na juu yao kamba zimejaa mashati. "Dobi!" akasema Mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyemkuta jirani ugenini. Tulisimama darajani dakika chache. Nikaona haya kidogo, kusimama juu ya watu wanaofanya kazi, simu mkononi, nikawaambia twendeni.

Nisiwe mnafiki lakini. Watu wengi walinishauri niwapeleke watoto Dharavi, mtaa mkubwa wa mabanda, kuna matembezi ya kulipia, unazungushwa na mwenyeji, "wajifunze maisha." Nilikataa. Wapo watakaosema nimekosea, kwamba mule kuna viwanda vya ngozi na wafinyanzi na kazi kuliko mitaa mingine ya mji, na ni kweli. Ila nikajiuliza, akija mtu na wanawe kutoka Ulaya akalipa kupitishwa Mishomoroni atazame nani anapika nini, ningependa? Umaskini watoto waliuona bila kulipia, kwenye taa za barabarani, pale binti wa umri wa Mkubwa alipogonga kioo cha teksi akiuza kalamu. Mkubwa aliuliza kwa nini hayuko shule, maana ni Jumatano. Sikuwa na jibu zuri. Nilisema hata kwetu wapo, unawaona Mwembe Tayari, umewazoea tu. Alinyamaza mpaka tukafika. Zile kalamu mbili tulizonunua hazijaandikiwa mpaka leo.

Na sisi pia tuliangaliwa. Sitaki kuandika kana kwamba kila kitu kilikuwa chai na bangili. Dalali wa kwanza wa nyumba alitujibu vizuri kwenye simu, akatuona, na nyumba ikawa imeshachukuliwa. Mtaani watu waliuliza "Nigeria?" kabla ya salamu. Na nywele za Mkubwa, zilizosukwa mistari kabla ya safari, zilishikwa na mikono mingi kuliko alivyotaka. Pune niliyazoea mambo hayo kwa kutabasamu na kuumia chini kwa chini. Mkubwa hana tabia hiyo. Siku ya sita, ndani ya behewa, mama mmoja alinyoosha mkono, na binti yangu akaushika mkono ule hewani kwa adabu, akasema kwa Kiingereza, "Nikuruhusu, na mimi nishike zako?" Yule mama akashangaa, akacheka, akageuza kisogo. Alikuwa na msuko mmoja mzito mpaka kiunoni, umezungushiwa gajra, shada la asumini mbichi. Wakachunguzana nywele mpaka Charni Road. Aliposhuka alikata kipande cha lile shada kwa meno, akakibana kwenye mistari ya Mkubwa kwa kibanio alichokinunua papo hapo.

Chakula sitakimaliza, nitataja kachori tu. Kachori kwetu, kila mtu anajua, ni tonge la viazi lililopondwa na ndimu na pilipili, likachovywa kwenye unga wa dengu, likakaangwa. Watoto walisoma KACHORI kwenye kibanda cha Dadar wakapiga kelele. Wakaletewa duara iliyovimba, ngumu, tupu ndani ila dengu na viungo, imemwagiwa ukwaju. Mdogo alimtazama muuzaji kama aliyetapeliwa. Kumbe kachori yetu kule inaitwa batata vada, batata kama mbatata, na inapigwa ndani ya pav na chatine ya kijani, unga mwekundu wa kitunguu thomu na pilipili nzima ya kukaanga pembeni. Hiyo ndiyo vada pav, chakula cha mji mzima, na wenyeji wanasema ilianza hapo hapo nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966. Mdogo akaibatiza "kachori ya mkate" akawa anakula mbili kwa siku. Pav yenyewe ni neno la Mreno. Sisi Mreno alitujengea Fort Jesus mwaka 1593 na kutuachia meza, leso na gereza. Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, aliwaachia mkate, kisha mwaka 1661 akautoa mji wenyewe pamoja na binti wa kifalme aliyekuwa anaolewa na mfalme wa Uingereza. Mkubwa aliona wao walipata mpango bora.

Ng'ombe pia, kwa ufupi. Nje ya hekalu anakaa mwanamke na ng'ombe mmoja na mafungu ya majani. Unamlipa, unachukua fungu, unamlisha ng'ombe wake. Ni ibada na ni sadaka, na nililieleza hivyo kwa heshima. Mdogo alilisha, akafurahi, kisha njia nzima akawa anahesabu: anauza majani, ng'ombe anashiba, maziwa yake, na pesa anabaki nazo. Akataka kujua kama mbuzi wa babu yake kule Kilifi hawawezi kufanyiwa mpango. Mkubwa swali lake lilikuwa jingine: mbona Mombasa tunapita mbele ya hekalu la Haile Selassie Road kila wiki, na hatujawahi kuuliza ndani kuna nini? Nikasema tutauliza. Bado sijauliza.

Mahali ambapo nilitegemea kuwachosha palinigeuka. Tulikuwa mtaa wa Fort, hapo hapo Mumbai, jua la saa nane, na nikasimama mbele ya Flora Fountain, chemchemi ya mawe yenye sanamu ya mwanamke juu, ya mwaka 1864. Nikasoma kwa sauti kwenye simu ili tu tupate kivuli: mwanzoni ilikusudiwa jina la gavana wa Bombay wa wakati ule, Sir Bartle Frere.

"Frere wa Freretown?" akauliza Mkubwa.

Sisi tunakaa Kisauni. Freretown ni jina tunalolisikia kwa makanga wa matatu kila asubuhi, na Kengeleni tunapita mbele ya ile kengele yenyewe. Nikakaa kwenye ukingo nikawasimulia ninachokijua. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya waliookolewa, wengi wao watoto waliotekwa kutoka bara la kwetu, waliletwa hapa, Bombay. Wengine wakapelekwa misheni ya Nasik, ndani huko, wakafundishwa useremala na uhunzi na kusoma. Wakakua wakijua Kihindi. Kisha miaka ya 1870, baada ya huyo Frere kutumwa Zanzibar kushughulikia mkataba wa kukomesha biashara hiyo, wakaletwa Mombasa kuanzisha kijiji cha walioachwa huru, na watu wakawaita Waafrika wa Bombay. Kengele iligongwa kuwaonya wakija wawindaji wa watumwa.

Mdogo, ambaye nilidhani hasikilizi, aliuliza: "Walipofika Mombasa, waliita mama nani?"

Sikumjibu. Nilinunua barafu za maji ya ukwaju, tukala tumesimama.

Shivaji Park ilikuwa karibu na fleti, uwanja mpana usio na ua, vumbi jekundu, na jioni kriketi ishirini zinachezwa kwa pamoja bila mpira mmoja kukosea mchezo wake. Hapo ndipo Sachin Tendulkar, nyota wa kriketi wa India, alipofunzwa akiwa mtoto. Mdogo alisimama pembeni mpaka mpira wa tenisi ulipomfikia, akaurudisha, na hivyo akawa mchezaji. Sheria walimfundisha kwa mikono: ukiudaka kwa mkono mmoja baada ya mdundo mmoja, mpigaji ametoka. Mzee mmoja benchini aliniuliza tunatoka wapi. Kenya, nikasema, nikangoja aseme simba. Akasema: "Tikolo! Odumbe!" Wachezaji wetu wa kriketi wa zamani. Akanihadithia nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, Kenya na India kule Durban. Kisha akarudi nyuma zaidi, mwaka 1996, Kenya imepiga mikimbio 166 tu, na West Indies yote, mabingwa wale, ikatoka kwa 93. "Pune!" akasema, akigonga benchi. "Ilikuwa Pune!" Miaka mitatu nimekaa Pune na hakuna aliyeniambia. Au niliambiwa na sikusikiliza.

Bibi alitoka hospitali siku ya sita, akaja kwenye fleti na chuma chake cha miguu minne cha kujishikilia, na hasira. Alikuwa amechoka na wali wa dengu uliolainishwa, amechoka na mazoezi, na hadithi za watoto zilimpita. Mumbai kwake ilikuwa dari moja nyeupe na feni. Wodini tulijaribu kumpelekea maua, bawabu akayazuia mlangoni, sheria ya wagonjwa. Sasa hakukuwa na bawabu. Asubuhi moja nikawaamsha watoto alfajiri tukaenda soko la maua la Dadar, vichochoro vya kando ya stesheni ambako maua hupimwa kwa kilo kama vitunguu, magunia ya maua ya njano na machungwa, na wanawake chini wanatunga kwa uzi bila kuangalia vidole. Tulinunua asumini robo kilo, na fungu la majani ambalo Mdogo alilichagua kwa pua. Tulsi, akasema muuzaji.

Bibi alilishika lile fungu, akalipeleka usoni. "Mumetoa wapi rehani?"

Hakungoja jibu. Akaomba uzi, akaomba sindano, akaomba avutiwe kiti dirishani. Akatoa leso begani akaitandaza mapajani, akamwaga asumini juu yake, akaanza kufunga vikuba, rehani ndani, asumini nje, kama anavyofunga nyumbani siku za harusi. Mavshi aliyekuja kumsaidia kuoga alisimama na taulo mkononi. Bibi hana neno la Kihindi, mavshi hana la Kiswahili. Bibi akambandika kikuba kifuani kwa pini. Mavshi akakitoa, akakigeuza, akakitia nywele. Bibi akatikisa kichwa, akakirudisha kifuani. Mavshi akakirudisha nyweleni. Walifanya hivyo mara tatu, hakuna aliyecheka, kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Mwisho Bibi akafunga cha pili, akambandika kifuani na cha kwanza akakiacha kilipo. Siku ile alitembea mpaka mlangoni na kurudi, mara nne, na daktari alikuwa ameomba mbili.

Sasa tumerudi, goti linapanda ngazi, daftari lina maneno 81. Juzi tulikuwa Kongowea, Jumamosi, unajua soko lilivyo siku hiyo, mikokoteni na makelele, na nikamwacha Mdogo hatua chache nyuma nikipima vitunguu. Kuna wanawake mia pale, na kila mmoja ni mama wa mtu. Mtoto akiita mama, tunageuka sote. Nikasikia kutoka nyuma ya magunia, kwa pumzi zote: "Aaaai!"

Niligeuka peke yangu.